Bonde Lisilo na Mtu

Ilula, 9 Mei 2024

Lea,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu yako ndiyo hiyo, nyingine sina.

Nakuandikia barua kwa sababu simu unanikatia. Kila nikipiga, "Shangazi niko kikaoni, nitakupigia." Hupigi. Kikao gani hicho kisichoisha kama kesi ya ng'ombe? Barua haikatwi. Nimempa utingo wa basi la Mbeya, yule anayenunua nyanya kwangu, nimemwambia akifika stendi akupigie uende kuichukua, na usipokwenda aifungue awasomee abiria.

Sasa nisikilize. Jumatatu tumeitwa ofisi ya kijiji, wanawake wote tunaolima bondeni. Mlangoni wamebandika ramani kubwa ya rangi. Juu imeandikwa Jembe Janja, huo mradi wenu wa simu mnaosema umekuja kumwinua mkulima mdogo. Mashamba ya mahindi kule mlimani yamepakwa kijani, kila shamba na jina la mwanaume wake. Bonde letu lote limepakwa kijivu. Esnath jirani yangu akauliza, hii kijivu maana yake nini? Mtendaji akatafuta pembeni akasoma: "Eneo lisilotumika."

Ebo! Tukatazamana. Esnath akasema labda ni bonde la kijiji kingine.

Mtendaji anasema kwa kuwa halitumiki, mradi utalichukua ujenge mabanda ya nailoni na pampu, wapewe vijana waliojiandikisha kwa simu. Mkutano wa kijiji utakaa mwisho wa Juni kupitisha. Nikainama kusoma yale maandishi madogo ya chini, maana macho yangu bado mazima. Imeandaliwa na L. Kalinga, Mbeya.

Nilikaa chini pale pale barazani. Watu wakadhani presha imepanda. Ilikuwa hasira, Lea, na aibu, kwa sababu wanawake wote pale wanamjua L. Kalinga. Wamembeba. Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa hata meno huna, nikifyeka matete wewe uko mgongoni. Unajua vizuri kuliko hiyo kompyuta kwamba vinyungu, hivi vishamba vyetu vya bondeni, havilimwi masika. Masika bonde ni maji na matete. Mwezi wa sita maji yakishuka tunateremka, kila mwanamke anafyeka chake, tunalima nyanya na mboga mpaka mvua zirudi, kisha tunamwachia Mungu bonde lake. Bibi yako alilima hivyo. Nyanya za humo ndizo zilizokupeleka chuo ukajifunze kupaka watu kijivu.

Nataka jibu. La karatasi.

Shangazi yako,
Veneranda


Mbeya, 14 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua nimeipata. Utingo alikuwa ameshaisoma. Kanikabidhi huku anatikisa kichwa, kaniambia, "Dada, mkubwa wako kakasirika." Ahsante kwa kunitangaza stendi nzima.

Mimi pia nimekasirika, na niruhusu niseme. Umeandika kana kwamba nimekaa Mbeya natafuta namna ya kukuibia. Unajua kwa nini niliingia kwenye mradi huu? Nilikuwa darasa la sita, nimesimama pembeni ya tenga lako, namtazama dalali anarundika nyanya mpaka tenga linaota kichwa, halafu anakwambia bei ya Dar imeshuka, na wewe huna wa kumuuliza. Leo bei ya soko inakufikia kwenye kile kisimu chako cha kitochi kabla dalali hajafika. Ujumbe ule nauandika mimi kila alfajiri. Mwaka jana uliniambia mwenyewe kwamba dalali amekuwa mpole kama padre. Hilo umelisahau?

Kuhusu ramani. Inatengenezwa kwa picha ya satelaiti, na picha ilipigwa Machi. Machi bondeni kulionekana maji na matete. Wakala wetu Anord alipopita kijijini kuandikisha, hakuna mwanamke aliyeandikisha kinyungu. Mlimwonyesha shamba la mlimani, mkataja majina ya waume na namba za waume. Mfumo unaandika kinachoonekana na kinachosemwa. Mfumo haubashiri.

Lakini haijaharibika. Nenda kwa Anord, uandikishe kinyungu kwa jina lako, uweke kidole kwenye mashine yake. Mfumo ukishakutambua, nitabadilisha rangi mimi mwenyewe. Na tafadhali, msiteremke bondeni kwanza. Wakiwakuta mnafyeka wakati suala liko mezani, ofisi itawaandika wavamizi, halafu sitakuwa na la kusema. Bosi wangu Isaka amenihakikishia kwamba hakuna kitakachoguswa kabla ya mkutano.

Nakuomba uniamini.

Lea


Ilula, 30 Mei 2024

Lea,

Kamwene. Nimekuamini, nimekwenda kwa Anord. Sikiliza yaliyonipata.

Nilivaa kitenge cha kanisani. Anord ana meza chini ya turubai pale karibu na wauza vitunguu, barabara kuu, malori yanapita, watu wanatazama. Kanitaka kidole gumba. Nikaweka. Mashine ikalia tii, taa nyekundu. Akanifuta kwa kitambaa, nikaweka tena. Nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Akamaliza mkono wa kulia akahamia wa kushoto, huku foleni nyuma yangu inaguna. Mwishowe kijana wa watu akanishika kiganja, akakigeuza kwenye jua, akasema, "Bibi, vidole vyako vimefutika. Havina mistari. Unafanya kazi gani?"

Unafanya kazi gani!

Nikamwambia, nauliza na mimi. Maana ramani inasema silimi, na vidole vinasema nimelima mpaka nimejifuta. Mtuambie basi kipi cha kweli. Anord akacheka, si kwa ubaya, lakini alicheka, na foleni ikacheka, na mimi nikaondoka na kitenge changu cha kanisani nikilia barabarani kama mtoto aliyefukuzwa shule. Sijawahi kudhalilika vile, na miaka yote hii nimeuza nyanya kwa madereva walevi.

Esnath na yeye imemkataa. Joyness, ambaye amerudi juzi tu kutoka Dar alikokuwa anauza duka la simu, mashine imempokea mara moja, taa ya kijani, karibu sana. Kinyungu hana. Jembe hajawahi kushika. Sasa anatambulika ni mkulima.

Jioni tulikaa kwangu. Esnath kasema upuuzi umetosha, maji yameanza kushuka, tuteremke tukafyeke. Nikasema Lea kasema tusubiri. Wakanicheka. Esnath kasema, "Lea gani, yule wa kijivu?" Nimekutetea, Lea. Nimesema mtoto niliyemlea hawezi kunidanganya. Wao wanateremka kesho. Mimi nimebaki, kwa neno lako. Unajua maana ya kubaki. Kwetu kinyungu ni cha aliyefyeka maji yakishuka. Matete yako yakisimama wakati wenzako wameanza kulima, umekiacha, na hakuna wa kumlalamikia.

Na swali langu hukulijibu. Ulipoiona ile picha kwenye kompyuta, ulilitambua bonde au hukulitambua?

Veneranda


Mbeya, 8 Juni 2024

Shangazi,

Nililitambua.

Nilitambua na ule mti wa mvule uliokatwa kichwa na radi. Nilikaa nikautazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikabonyeza "eneo lisilotumika", kwa sababu kulikuwa na visanduku vya msitu, makazi, shamba na hicho, na sheria ya kazi inasema chagua kinachoonekana siku ya picha. Hakuna kisanduku cha shamba linalolala masika. Nikamwandikia Isaka kwamba hapa pana vinyungu, ni mali ya wanawake, pasipakwe mpaka kiangazi. Akanijibu kwa maneno mawili: "Tutaona baadaye." Wafadhili walikuwa wanakuja wiki hiyo na walitaka ramani iliyokamilika, haina mabaka meupe. Nikapaka.

Basi, umeridhika? Unataka niseme nini zaidi? Nina hasira mpaka siwezi kula. Nimekuwa nikipigana na watu hapa kwa ajili ya vidole vyenu. Nimewaambia mashine imetengenezwa kwa vidole vya watu wanaoshika kalamu. Fundi wetu kanijibu eti mwambie bibi apake mafuta. Na kule nyumbani wanawake walionibeba mgongoni wananiita Lea wa kijivu, na wewe unaniandikia kama hakimu. Pande zote mbili mimi ndiye mbaya.

Nakuja kwenye mkutano. Nimeomba ruhusa. Nitasimama niseme mwenyewe. Isaka kaniapia tena leo asubuhi, mbele ya watu, kwamba hakuna trekta itakayoingia kabla ya kijiji kuamua. Kwa hiyo usifyeke. Esnath na wenzake wameharakisha, wanaweza kutuharibia kila kitu. Wewe usifyeke, ili angalau mmoja wetu awe na mikono safi mbele ya mkutano.

Subiri kidogo tu, Shangazi. Nakuja.

Lea


Ilula, 18 Juni 2024

Lea,

Trekta imeingia leo asubuhi.

Dereva kaambiwa asiguse palipofyekwa, asije akagombana na watu. Aingie kwenye matete tu. Bonde zima matete yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu. Kwangu.

Nilifika amemaliza. Wanawake wamesimama kila mmoja kwenye kinyungu chake na panga mkononi, hakuna aliyeniangalia usoni. Wanaume wameshateremsha mabomba ya banda na mifuko ya saruji.

Mikono yangu misafi sana.

V.


Mbeya, 20 Juni 2024

Kwa: Bw. Isaka Mwakibete,
Meneja, Jembe Janja, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini

YAH: RAMANI YA BONDE LA VINYUNGU, ILULA

Rejea mazungumzo yetu ya jana, uliponiambia kwamba mkandarasi alikuwa tayari amelipwa na mashine zisingeweza kukaa bure, na kwamba ruhusa yangu ya kwenda kwenye mkutano imefutwa kwa sababu nina maslahi binafsi.

Ndiyo, ninayo. Yanaitwa Veneranda. Ana miaka sitini na kitu na vidole vyake mashine yako haivioni.

Uliniapia mbele ya wafanyakazi wote. Kwenu Tukuyu mtu akiapa hivyo mbele ya watu halafu akageuka, anaitwaje? Niliamini kiapo chako nikakitumia kumfunga mikono mtu pekee kijijini aliyekuwa tayari kuniamini. Wenzake wote wamepona kwa sababu walinidharau.

Kila ripoti tunayopeleka kwa wafadhili inasema "hakuna atakayeachwa nyuma". Mimi mwenyewe nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi hadi vidole vinaiandika vyenyewe. Tumewapa watu bei za soko, jambo zuri, nitalitetea popote. Halafu kwa simu hiyo hiyo tumewanyang'anya mahali pa kulima hicho cha kuuza. Bei ya nyanya inamsaidia nini mtu asiye na nyanya, Isaka?

Nakwenda Ilula bila ruhusa. Nimechukua ramani ya Machi na picha ya Juni inayoonyesha vinyungu vimefunguliwa. Nitazibandika pamoja mlangoni pale pale, nitasema kijivu nilipaka mimi, na nitasema ni nani aliyeniambia "tutaona baadaye". Ukitaka kunifukuza, barua yako uipitishe kwa utingo wa basi. Ndiyo njia ya uhakika siku hizi.

Lea Kalinga


Ilula, 25 Agosti 2024

Lea,

Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu mkutano hujaandika, hujapiga. Uliposhuka jukwaani ulikwenda moja kwa moja barabarani ukapanda basi, hata nyumbani hukupita kunywa maji. Nilikuona unakimbia. Umelelewa wapi wewe? Basi nitaandika mimi.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Ulisema vizuri. Uliposema "mkono uliopaka kijivu ni huu hapa" na ukauinua, hata watoto waligeuka kuutazama. Nilijivuna, sitakuficha. Kisha mwenyekiti akakuuliza, kama bonde lina wenyewe, mwenyewe anajulikanaje, na hakuna hati? Nawe ukamjibu kwa sauti kubwa, Kihehe na Kiswahili, ili hata wale wa mradi waelewe: "Kwetu kinyungu ni cha aliyefyeka maji yakishuka. Nendeni mkaone nani amefyeka." Esnath akapiga vigelegele. Mkutano mzima ukasimama. Hapo ndipo mliposhinda, kwa neno hilo.

Halafu mwenyekiti akauliza polepole, "Na pale penye banda?" Ukanitafuta kwa macho. Ukaniona. Ukainamisha kichwa.

Ungesema nini? Ungesema kwa wengine sheria hii, kwa shangazi yangu nyingine? Wale wa mradi wangetucheka, na bonde lote lingekwenda. Nilijua. Ndiyo maana mwenyekiti alipoita wanaokubali banda libaki palipokuwa na matete, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu. Hukuuona, ulikuwa umeinamisha kichwa. Nimekuandikia ujue. Niliunyanyua mwenyewe na ulikuwa mzito, nikakulaani wewe na Isaka wako na satelaiti yenu kimoyomoyo, Mungu anisamehe, nikaendelea kuunyanyua mpaka wamalize kuhesabu.

Sasa habari mpya. Anord amerudi wiki iliyopita na simu yake. Safari hii amekuja kiangazi, amekuja kwa miguu, matope mpaka magotini. Mashine ya vidole wameitupa. Wanasema ni pendekezo uliloliacha mezani kabla hawajakutoa kazini. Anatembea na mwanamke kuzunguka kinyungu chake, simu inachora, halafu jirani wa kulia na jirani wa kushoto wanasema ndiye. Basi. Jina la mwanamke linaingia, hata kama simu ni ya kuazima. Esnath alipoona jina lake kwenye kioo kalisoma kwa sauti, akaomba alisome tena. Pampu nayo itavuta maji kwa wote, vijana wa banda na sisi, kwa zamu. Yaani kitu kile kile kilichotukanyaga kinaweza kufanya kazi ya mtu kikiongozwa na mtu. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwamba iliwezekana tangu mwanzo.

Alipofika kwangu, nilikuwa nimesimama tu pembeni ya mfereji. Joyness yuko ndani ya banda la nailoni anamwagilia pilipili hoho. Kwa kweli amejifunza haraka, si mvivu yule. Anord kasema, "Bibi, na chako ni kipi? Twende tukizunguke." Alikuwa hajui. Kijana mwenyewe ana adabu siku hizi.

Nikamwambia, andika Veneranda Kalinga hana.

Akasita. Nikamwambia andika, baba, usiogope, sasa ramani yenu ni ya kweli.

Akaandika.

Nilirudi nyumbani nikapika ugali nikashindwa kuula. Jioni Esnath akaja. Yule Esnath aliyenicheka. Kasema amenikatia matuta upande wake wa juu, karibu na maji, mpaka mwakani nitakapofyeka pengine. Kasema kwa ukali, kama anagomba, ili nisipate nafasi ya kumshukuru. Miche yangu ya nyanya ile niliyoitia kitaluni mwezi wa tano nikingoja neno lako ilishazeeka nikaitupa. Nimesia mingine. Imefikia kupandwa.

Unajificha Mbeya na aibu yako, unadhani aibu ni kazi. Nani kakwambia mimi nahitaji aibu yako? Mgongo unauma, matuta ya Esnath yamejaa ndago, na miche haingoji mtu.

Sijakusamehe. Utingo nimempa na nauli yako. Jumamosi ushuke Ilula na jembe, na ukate hizo kucha kabisa, tunaanza alfajiri.

Shangazi yako,
Veneranda